Spika Isiyo na Mahali pa Kushika

Baba aliniuliza swali moja tu kuhusu ile spika, nami nikamcheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko, na mzee alikuwa kitandani akinitazama usoni kwa sababu masikio yake yalikuwa yameshachoka. Aliona meno yangu. Naandika habari hii bila kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana nyumbani kwetu hakuna mtu hata mmoja aliyenilaumu, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Kwetu ni upande wa Bomet, pale majani chai yanapoanzia karibu na mlango na kuteremka hadi mtoni. Mimi ni mwalimu kule chini Siongiroi, kwenye joto na mnada wa ng'ombe, na nyumbani hupanda kila Ijumaa jioni nikiwa na njaa na maoni mengi. Mimi ndiye kifungua mimba. Mtoto wa kwanza akishapata mshahara hugeuka msemaji wa boma lote: rangi ya ukuta ni yeye, dawa ya ng'ombe ni yeye, nani akae wapi wageni wakija ni yeye. Hakuna aliyenichagua. Nilijichagua mwenyewe na nikajipigia makofi.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai tangu ujana wake, katikati ya mashine zinazonguruma mchana na usiku, na mashine hizo ndizo zilizomla masikio. Halafu miguu nayo ikakataa. Tulimwekea kitanda kwenye nyumba ya jikoni, ng'ambo ya uwanja kutoka nyumba kubwa, kwa sababu baridi ya kwetu haina adabu na pale moto hauzimwi. Alikuwa na redio ndogo kuukuu. Kila siku ikikaribia saa nane na nusu mchana aliiweka juu ya mto, akalaza sikio juu yake, akasikiliza matangazo ya vifo kwenye redio ya lugha yetu. Mtu asiyejua angedhani mzee anapenda misiba. Baba alikuwa anangoja habari za mtu mmoja.

Mtu huyo walilala naye menjo moja, kile kibanda cha porini wanakokaa vijana waliotahiriwa pamoja mpaka wapone na kufundishwa. Kwetu sisi Wakipsigis mwenzako wa menjo ni zaidi ya ndugu, na watoto wake ni watoto wako. Mwenzake huyo alihamia Fort Ternan zamani akalima miwa, na sasa alikuwa mgonjwa mwaka mzima, siku nzuri moja, mbaya tano. Walikuwa wamepatana wangali wana nguvu: atakayebaki atasimama kaburini kwa mwenzake awaambie watu huyu alikuwa nani. "Watoto watasoma karatasi," baba alikuwa akisema. "Watoto hawajui. Anayejua ni yule mlilala naye menjo."

Kwa simu hawangeweza kuongea, maana sikio la baba lilikuwa halishiki simu tena. Kwa hivyo walikubaliana kwamba siku ikifika, watoto wa huyo mzee watamtaja baba kwa redio. Simu ya mama ilikuwa imezama kwenye ndoo ya maziwa, na laini yake mpya hakuna mtu wa Fort Ternan aliyeijua. Yangu hawakuwa nayo kwa sababu sikuwahi kuwapa. Nilikuwa nimemwahidi baba mara tatu kwamba nitampeleka huko kwa gari, na mara zote tatu nikapata sababu.

Halafu panya wakakata nyaya za ile redio. Baba akaniita, akanishika mkono, akasema, "Kijana yangu, ukienda sokoni nitafutie kitu cha kusikia. Kisiwe kikubwa."

Nikamwambia sawa mzee, hiyo ni kazi ndogo.

Shida ni kwamba mwezi huohuo tulikuwa tunangoja koito ya dada yangu mdogo, siku ambayo wazee wa upande wa kijana wanakuja kuzungumza mahari. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba hao watu wanajiweza, na kwamba sebule yao si ya mchezo. Tangu hapo sikulala vizuri. Niliwaza vitambaa vya viti, niliwaza pazia, niliwaza televisheni yetu mpya ambayo sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Siku niliyoenda Chepilat kununua kitu cha baba, macho yangu yalikuwa kwa wakwe.

Pale Chepilat kuna mama mmoja anayeuza vitu vya umeme, mtu wa upande wa Nyamira, ulimi wake hauna breki. Akaniwekea vitu viwili kwenye kaunta. Kimoja kilikuwa spika ya nyumbani isiyo na waya, fupi na nene, yenye mpini juu, redio ndani na betri ya kukaa siku nzima. Kingine kilikuwa saundiba, ile spika ndefu nyembamba ya kuwekwa chini ya televisheni, yeye akaiita ndogo lakini ilikuwa karibu urefu wa mkono wangu. Akazijaribu zote kwa wimbo wa kwaya. Ile ya mpini sauti yake ilikaa palepale ilipo. Ukiiweka karibu na sikio inaongea na wewe peke yako. Saundiba ilijaza duka, ikatoka nje, na muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akageuka kutazama. Nilipenda sana vile alivyogeuka.

"Ni ya nani?" mama akauliza.

"Ni ya mzee wangu. Masikio yamezeeka."

"Basi unafikiria nini? Chukua hii ya mpini, ataweka kwa mto. Hii ndefu ni ya watu wa kukaa na kuangalia."

"Tuna wageni pia."

"Wageni wanakuja kusikia spika?"

Nina hasira za karibu, na yule mama alikuwa amezigusa. Nikamwambia afunge hiyo ndefu, na asinifundishe mambo ya nyumbani kwetu. Akainua mabega. "Haya, mwalimu," akasema. Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Labda ni vile nilivyokuwa nikimweleza kazi yake.

Njiani nilijitafutia utetezi na nikaupata: saundiba nayo ina redio ndani. Baba aliomba kitu cha kusikia, na hiki ni kitu cha kusikia, tena kina nguvu mara kumi. Nilipofika kwetu nilikuwa nimeshajiamini kabisa, na uongo wa kujidanganya mwenyewe ni mtamu kwa sababu hakuna wa kukubishia.

Nikaingia jikoni na boksi, nikainama kwenye sikio la baba, nikapaza sauti. "Ina redio, mzee. Itasikika mpaka huku."

Akalipapasa boksi kwa mikono yote miwili, kutoka ncha hadi ncha, polepole, kwa ile mikono yake ya kiwandani. Kisha akauliza, "Iko na mahali pa kushika?"

Hapo ndipo nilipocheka. "Mzee, hii haishikwi. Hii inafungwa ukutani."

"Aa," akasema. "Basi ni nzuri." Akanirudishia.

Mama alikuwa anasonga ugali. Aliendelea kusonga, na mimi nikachukulia kwamba amekubali.

Siku ya koito ilifika. Nilikuwa nimeifunga saundiba kwa skurubu nne, nikaiacha iimbe kwaya kwa sauti ya chini ili wageni wakiingia waikute inafanya kazi. Baba tulimbeba tukamkalisha kwenye kiti chake, amevaa koti na kofia. Wazee wakaingia, wakasalimiana, wakakaa. Kabla hata maombi hayajafanywa, mkubwa wa upande wao akasema bila kuitazama, "Zimeni hiyo kitu tuongee." Nikaizima. Waliongea mpaka jua likapinduka, ng'ombe wakahesabiwa kwa maneno, mursik, maziwa yetu ya mgando, ikanywewa, watu wakala wakashiba, na hakuna aliyeikumbuka tena. Mzee yule alikaa karibu na baba muda mrefu akimwongelesha sikioni, na baba akacheka mpaka akatoa machozi. Kumbe kilichotakiwa na masikio yake ni mtu wa kusogea karibu. Nililiona hilo siku hiyohiyo kwa macho yangu, lakini sikulitia maanani, kwa sababu ndugu wawili wa bwana harusi walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wakiisifu saundiba. "Shemeji, hii ni moto," mmoja akaniambia. Nikawaalika waje Jumamosi yoyote tutazame mpira.

Wakaja. Wiki kama tano zilikuwa zimepita. Mama alikuwa ameshuka kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia, dada yangu alikuwa kazini, nyumbani nilibaki mimi na baba na hao shemeji wawili. Tukingoja mpira uanze nilikuwa nimefungua redio kwenye saundiba, nyimbo za kwetu, sauti juu, madirisha wazi ili hata wapita njia wafaidi. Ikafika saa nane na nusu. Ule muziki wa kinanda wa huzuni, unaotangulia matangazo ya vifo, ukaanza.

Muziki ulivuka uwanja. Baba akaushika, labda kwa mtetemo wa ukuta, labda kwa mazoea. Nikasikia anaita, nikatoka nikasimama mlangoni pa jikoni. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko.

"Lete hiyo redio hapa."

"Haiwezi kuletwa, mzee. Imefungwa."

Akanitazama midomo, akaelewa. Nyimbo zilikuwa zinamfikia, maneno hayamfikii. "Basi nisikilizie," akasema. "Simama hapo usikilize wanataja nani, uje uniambie."

"Sawa, mzee. Nakusikilizia."

Nilirudi sebuleni nikiwa na nia. Hilo naweza kuapa. Mtangazaji alikuwa anasoma tangazo la kwanza, mtu wa mbali, watoto wengi. Shemeji mmoja akatazama saa ya simu yake. "Si mpira umeanza?" akasema, kwa upole kabisa, kama mgeni. Nikaona haya. Nikajiona mwenyeji gani huyu anayewakalisha wageni kwenye matanga ya watu. Nikachukua rimoti, nikabonyeza, na kiwanja cha kijani kikatokea na kelele za mashabiki zikajaza nyumba. Nilijiambia nitasikiliza kesho. Hata dakika kumi hazikuisha nikawa nimesahau.

Jioni nilimpelekea baba chai. Akaipokea, akaiweka kando bila kunywa. "Walitaja nani?"

"Watu wa mbali tu, mzee. Hakuna mtu wetu."

Akatikisa kichwa, akashukuru Mungu, akanywa chai yake yote. Nilimtazama akinywa. Nimewachapa wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo, zamani zile tulipokuwa tukichapa.

Wiki tatu baadaye alikuja mwanamke mmoja, mchana, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa ameuliza njia kutoka kituo hadi kituo. Nilimkaribisha, akasema anamtafuta mzee, na kwamba ametoka Fort Ternan. Nikamwingiza jikoni. Akavuta kigoda hadi kitandani, akaushika mkono wa baba, akamwekea mdomo sikioni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na chupa ya chai.

"Baba," akamwambia, "baba yangu alienda."

Alisema walimtangaza siku ya Jumamosi, saa nane na nusu, na mwisho wa tangazo wakaomba mwenzake wa menjo, wakalitaja jina la baba na la kilima chetu, kwamba popote alipo anangojwa Ijumaa. Alisema waliweka kiti karibu na kaburi. Mhubiri alipotaka kumaliza, kaka yake akakataa, akasema kuna mtu bado, wakangoja mpaka saa kumi, watu wakaanza kuangalia mawingu. "Kiti kilikaa hivyo hivyo," akasema. "Watu wakauliza kama mlikosana. Mimi nimekuja kujua, baba. Ulikuwa umekasirika na yeye?"

Baba aliinua macho akanitazama juu ya bega la yule mwanamke. Hakunitazama kwa muda mrefu. Yalikuwa macho ya mtu anayehesabu siku, na nikajua ameipata ile Jumamosi, chai ile, na jibu langu. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme.

"Hatujawahi kukosana," baba akasema. "Ni masikio yangu, mama. Tangazo lilipita, mimi sikusikia."

"Si mko na redio?"

"Redio iko. Masikio ndiyo hakuna."

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalinikuta na chupa ya chai mkononi, na nilichofanya ni kumimina. Nilimimina kikombe cha mgeni, nikamimina cha baba. Lilikuwa jambo la kusema maneno matatu tu: ni mimi niliyebadilisha. Mwanamke alipokea kikombe, akanigeukia na macho mekundu. "Asante, ndugu yangu," akasema, na kwa desturi yetu alikuwa na haki ya kuniita hivyo. "Mungu akubariki kwa kumtunza mzee."

Nikamsindikiza hadi barabarani. Njiani tukakutana na jirani yetu, naye akampa mkono wa pole, akasema yeye alilisikia tangazo lile siku ileile. Nikamuuliza mbona hakuja kutuambia. Akashangaa. "Niwaambie nyinyi? Nyumba yenu ndiyo redio yake inasikika mpaka huku chini."

Nilirudi jikoni nikapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima mwenye watoto. Nikamwambia baba sikioni kwamba kesho asubuhi nampeleka Fort Ternan, nambeba mwenyewe hadi kaburini.

"Kufanya nini?"

"Ukaseme yale maneno yako."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, ningefurahi kama angekuwa nayo. "Yale maneno yalikuwa ya watu," akasema. "Watu wamerudi kwao." Kisha akaomba nimgeuzie mto, akalala kuelekea ukutani. Sikuweza kumuuliza kwa nini alinifunika mbele ya mgeni. Nadhani najua: mzee hamvui nguo mtoto wake mbele ya watu, hata mtoto huyo akiwa ameshamvua yeye. Nimekuwa na aibu nyingi maishani, ya kufeli mtihani, ya kukataliwa na msichana. Hizo hupungua. Hii kila nikiishika naikuta na uzito uleule.

Ijumaa iliyofuata nilipitia Chepilat. Yule mama wa duka alinitambua lakini hakuniuliza kitu, akaichomoa ile ya mpini kabla sijamaliza sentensi. Jumamosi nikaiwasha, nikatafuta stesheni ya kwetu, nikaiweka juu ya mto wa baba. Akaishika. Akapapasa mviringo wake, akapanda na vidole mpaka akaukuta mpini, akaukunjia ngumi.

"Hii iko na mahali pa kushika," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Ikafika saa nane na nusu na kinanda kikaanza, safari hii karibu kabisa na sikio lake, kila neno liko wazi. Alisikiliza jina la kwanza. Halafu akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akaizima mwenyewe.

"Peleka kwa ng'ombe," akaniambia. "Mama yako husema wakikamuliwa na redio wanatulia. Mimi niliyekuwa namsikilizia ameshazikwa."

Nikaishika kwa mpini wake, nikaipeleka.